Al-Jabr na Mirathi: Jawabu Hurudishwa Kwenye Mas-ala Yake

Neno aljebra asili yake ni Kiarabu. Limetokana na kitabu cha al-Jabr wal-Muqabala cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun (198–218 H, sawa na 813–833 M). Katika dibaji yake ameeleza kuwa watu wanaihitaji hesabu hii katika mirathi, wasia, kesi na biashara. Na sehemu kubwa ya kitabu inahusu wasia.

Tutazame mas-ala yake moja. Mtu amefariki, ameacha wana wawili wa kiume, na ameusia thuluthi ya mali yake kwa mtu baki. Ameacha dirham 10 taslimu, na nyingine 10 alikuwa akimdai mmoja wa wanawe. Tuchukulie kuwa mdaiwa hana cha kulipa.

Mwenye haraka atasema: mali ni 20, kila mmoja apate 6 na 2/3. Lakini aliyeusiwa na mwana wa pili watahitaji 13 na 1/3, ilhali zilizopo mkononi ni 10 tu!

Al-Khwarizmi alikiita "kitu" (shay') kiasi cha deni kitakachohesabiwa kuwa fungu la mdaiwa. Mali ikawa 10 na kitu. Ikitolewa thuluthi, hubaki 6 na 2/3 pamoja na thuluthi mbili za kitu. Nusu yake, yaani 3 na 1/3 pamoja na thuluthi ya kitu, ni sawa na kitu chenyewe. Basi thuluthi mbili za kitu ni 3 na 1/3, na kitu ni 5.

Tutajuaje kuwa ni sahihi? Tulirudishe jawabu mahali pa kitu. 10 na 5 ni 15. Thuluthi yake ni 5. Hubaki 10, kila mwana 5. Fungu limelingana na kitu, na fedha taslimu zimetosha. Lau mtu angesema 4, mali ingekuwa 14 na fungu 4 na 2/3, ambalo si 4. Jawabu hilo limeanguka.

Ndugu msomaji, kulitafuta jawabu huenda kukahitaji mjuzi, lakini kulikagua kunahitaji kujumlisha na kugawa tu. Kwa hiyo twawausia maimamu na wanafunzi wa faraidh: kabla mali haijatoka mkononi, rudisheni jawabu mbele ya warithi wenyewe, wapate kushuhudia kuwa hakuna aliyedhulumiwa. Haki ya yatima haitoshelezwi na dhana.

Wallahu a'lam.