Mafundi Walioingiza Muvi Kwenye Simu Tabora

Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Kabla ya siku hiyo wananchi walihimizwa kubonyeza *#06#, kuangalia namba ya IMEI na kuituma kwenda 15090 ili wajue kama simu zao ni halali. Simu zilizobainika kuwa bandia zikakatiwa mawasiliano. Lakini kioo kilibaki, spika ilibaki, na memori kadi ilibaki na vyote vilivyokuwa ndani yake. Kwa mkazi wa Tabora mwenye simu ya Kichina ya laini mbili, ndani yake mara nyingi mlikuwa na muvi.

Muvi hizo hazikutoka kwenye intaneti. Zilitoka kwenye DVD, zikapita kwenye kompyuta ya fundi katika mitaa kama Mtendeni, Gongoni na Kanyenye, zikabanwa mpaka zikaenea kwenye simu. Tabora imezoea kuwa njiapanda. Misafara ya karne ya 19 ilipumzika hapa kabla ya kuendelea Ujiji, na reli inagawanyika hapa kwenda Kigoma na Mwanza. Muvi nazo zilikuja kwa njia hizo hizo kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, kisha zikatawanyika kwenda Urambo, Sikonge na Kaliua mifukoni mwa wakulima wa tumbaku ambao vijiji vyao vingi havikuwa na umeme wa kuwasha deki.

DVD ya kwanza iliuzwa Japani Novemba 1996. Huku kwetu kanda za VHS zilikuwa bado zinatawala, zikafuatwa na VCD, iliyokata muvi katikati kwa sababu sahani moja haikubeba zaidi ya dakika 80 hivi. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alihusika kusambaza programu ya kufungua kufuli lililozuia kunakili DVD. Alishitakiwa, na mwaka 2003 akaachiwa huru.

Kazi ya fundi ilihitaji subira. Aliingiza DVD kwenye kompyuta, akafungua folda la VIDEO_TS, akachagua mafaili ya VOB na kuyapitisha kwenye programu kama Format Factory ili yawe 3GP au MP4. Kompyuta ya zamani ilichukua saa nyingi kumaliza muvi moja, na umeme ukikatika anaanza upya. Picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Ya 3GP kwenye simu ndogo ilikuwa 176 kwa 144, yaani kama sehemu moja ya kumi na sita. Sura ya stelingi ilionekana vizuri. Maandishi ya tafsiri chini ya picha hayakusomeka kabisa.

Hapo ndipo muvi zilizotafsiriwa kwa sauti zilipopata nguvu mpya. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa jina la Lufufu, alikuwa ametafsiri filamu za Marekani, India na Hong Kong tangu enzi za kanda. Sauti yake ilisimulia juu ya sauti za waigizaji, ikaeleza, ikatania, ikaonya. Mtazamaji hakuhitaji kusoma neno lolote. Kilichobanwa hadi kubaki kidogo kwenye kioo, Lufufu alikirudisha kwa mdomo. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani aliyewachunguza watafsiri hawa, aliipa makala yake kichwa kinachozungumzia kugeuza wali kuwa pilau: filamu ya kigeni ni wali mweupe, mtafsiri ndiye mwenye viungo. Krings anawatazama kama wasanii, na hapo yuko sahihi. Anayewaita wezi tu hajawahi kukaa kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea video akisikia watu wakicheka kabla stelingi hajafungua kinywa.

Hata hivyo, waliolia kuibiwa nao walikuwa na hoja. Sheria ya sasa ya hakimiliki ipo tangu 1999, na ndiyo iliyozaa COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki. Bongo Muvi, yaani tasnia ya filamu za Kitanzania, iliishi kwa kuuza DVD. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, jirani zetu kwenye reli ya Mwanza, alifariki Aprili 7, 2012 akiwa mmoja wa nyota wakubwa wa tasnia hiyo, na filamu zake zilizagaa kwenye memori kadi ambazo hazikumlipa chochote. Mwaka 2013 zikaja kanuni za stempu za kodi za TRA kwa kazi za filamu na muziki. Stempu hubandikwa kwenye kasha. Faili la 3GP halina pa kuibandika.

Aprili 2017 ugomvi ulifika barabarani. Wasanii wa Bongo Muvi, wakiungwa mkono na aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila stempu. Kilichowauma zaidi ni zile DVD zilizorundikiwa muvi nyingi katika sahani moja na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wananchi wengi waliwajibu kwa ukali: tengenezeni kazi bora, tutanunua. Lakini DVD ya rundo haikushinda kwa ubora, ilishinda kwa sababu haikumlipa mtunzi hata shilingi. Na katika kelele zote hizo fundi wa mikoani hakuonekana kama mtu anayeweza kuuziwa kibali na kuwa wakala halali. Alikuwa tayari amewafikia wateja ambao hakuna msambazaji wa Dar es Salaam aliyewafikia.

Kisha zikaja simu janja za bei nafuu, bando na YouTube, na foleni kwa fundi ikapungua.

Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe alimokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872 limetunzwa kuwa makumbusho. Ni vizuri. Lakini muvi za mafundi nazo zinastahili kutunzwa: DVD za kuchoma huharibika, na memori kadi isiyowashwa kwa miaka mingi inaweza kupoteza data, pamoja na sauti ya Lufufu iliyomo. Makumbusho ya Taifa na Bodi ya Filamu zinaweza kuanza na tangazo moja redioni, kuwaomba watu wa Mtendeni walete kadi zao za zamani zinakiliwe wangali wanakumbuka zilipo.