Dawa Niliyoona Haya Kuitaja

Kila mwenye ghala huku kwetu Chato anamfahamu panya. Nami nilipokuwa mwalimu mkuu nilipigana naye miaka mingi katika stoo ya mahindi ya shule, na majina ya sumu zake niliyafundisha darasani katika somo la kilimo. Basi mwaka 2012 mke wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam na valvu ya bandia moyoni, ile ambayo watu huiita ya chuma, nilisoma karatasi ya dawa zake nikashtuka. Palikuwa na warfarini, ya kumeza kila siku maisha yake yote.

Daktari hakuwa amekosea. Valvu yake ya asili iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, maradhi yanayoanza kama vidonda vya koo tu. Damu ikipita kwenye valvu ya bandia hupenda kuganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani huleta kiharusi. Lakini mimi nilikwenda kutafuta vitabu, maana sikukubali kumlisha mama watoto wangu sumu bila kujua ilikotoka.

Imetoka kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920, kule Kanada na Dakota Kaskazini nchini Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu. Mfugaji alimkata ndama pembe, na damu haikukatika mpaka mnyama akafa. Daktari wa mifugo Frank Schofield alionyesha kwamba wanyama hao walikuwa wamelishwa majani makavu, ya jamii ya mikunde, yaliyoota ukungu. Wenye mali waliambiwa wayatupe, lakini zilikuwa nyakati za dhiki na fukara hatupi chakula cha mifugo. Mwezi Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri kiasi cha kilomita 300 katika dhoruba ya theluji, akiwa na mtamba aliyekufa, mzigo wa majani hayo na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda. Alifika kwa mwanakemia Karl Paul Link. Link hakuwa na dawa ya kumpa, ila yeye na wenzake waliichunguza damu ile miaka sita, na mwaka 1939 wakaipata sumu yenyewe iliyokuwa katika majani. Mwaka 1948 ndugu yake mkali zaidi, warfarini, aliuzwa kama sumu ya panya.

Ni nani aliyethubutu kumpa binadamu? Mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani alitaka kujiua kwa sumu hiyo, akameza kwa siku kadhaa, kisha akapelekwa hospitali akapewa vitamini K, akapona. Hapo madaktari wakaona kwamba sumu hii ina njia ya kurudi. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa wagonjwa, na mwaka 1955 hata Rais Eisenhower alipewa baada ya mshtuko wa moyo.

Na vitamini K yenyewe ilitoka kwa vifaranga! Kule Copenhagen, kuanzia mwaka 1929, Henrik Dam aliwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta, akawaona wakivuja damu. Kitu kilichokosekana alikipa herufi K, ya neno la kuganda katika lugha za kwao. Ini hukitumia kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na warfarini hulizuia ini lisikitumie. Ndiyo maana mke wangu aliambiwa ale mchicha na matembele kwa kiasi kilekile siku zote, kwa kuwa vitamini hiyo imo humo. Kila mara tulivuka kwa kivuko cha Busisi kwenda Mwanza kupima INR, namba inayoonyesha damu imechelewa kuganda kiasi gani. Yeye alitakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5.

Usiku mmoja wa mwaka 2016 alitapika damu. Magoti yalikuwa yakimsumbua, akanunua diklofenaki dukani, na dawa hiyo huchubua tumbo. Hospitalini muuguzi, binti mdogo, akaniuliza, "Babu, bibi anatumia dawa gani nyumbani?" Nikajibu, "Za moyo tu." Watu walikuwa wamejaa pale, wengine wanafunzi wangu wa zamani, na niliona haya kutamka kwamba namlisha mke wangu sumu ya panya. Wakamtibu kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Zikapita saa tatu. Mikono yake ilipoanza kuwa baridi ndipo nilipoitoa karatasi mfukoni.

Daktari aliisoma, akaniangalia, hakusema neno. Vitamini K ililetwa mbio kutoka wodi ya wazazi, ambako hudungwa watoto wachanga. Aliiingiza polepole katika mshipa, akanieleza kwamba haifanyi kazi papo hapo, ini linahitaji saa nyingi kutengeneza upya kilichopungua. Katika nchi tajiri wanayo dawa yenye vitu hivyo tayari, hudungwa kwa dakika chache. Sisi tulikuwa na damu ya wanangu wawili na ya mwalimu mwenzangu. Aidha alikuwa na hofu ya pili: akiigandisha mno, valvu itaziba. Kwa hiyo alipima dozi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alfajiri kutapika kulikoma. Baada ya siku kadhaa warfarini ilianzishwa tena, kidogo kidogo.

Nilimweleza mke wangu kila kitu alipopata nguvu. Alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu, akaniomba ile karatasi. Tangu siku hiyo huifunga yeye mwenyewe katika pindo la khanga. Juzi tulikuwa pamoja dukani, kijana akataka kumuuzia dawa ya mgongo.

"Mimi natumia warfarini, mwanangu," akasema kwa sauti, watu wote wakisikia.

"Bibi, hiyo si ya panya?"

"Ndiyo hiyo hiyo."