Mkonge Uliopokonywa Jina

Waulize wauza maua wa kando ya barabara, Dar es Salaam au Mombasa, jina la ule mmea wa chunguni wenye majani marefu, manene, yaliyosimama wima na kuchorwa mabaka. Watakwambia "sneki planti". Wataalamu nao wameuhamishia kwenye jenasi ya Dracaena, neno la Kigiriki lenye maana ya joka jike. Nyoka mtaani, joka maabarani! Kwetu ndugu zake wa porini waliitwa mkonge.

Neno hilo halikuja na mashamba ya Tanga. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mmea wenye asili ya Mexico. Ilipitia Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika huku ikiwa hai. Nyuzi zake zilifanana na za mmea wetu uliosokotwa kamba tangu zamani, basi mgeni akapewa jina la mwenyeji. Akanawiri, akajaza mashamba, akalimiliki jina lote. Mwenyeji akabaki "mkonge pori", kana kwamba ndiye aliyetoroka shambani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji hakupona.

Basi mmea wa chunguni tuuiteje? Katani haitufai. Hilo ni jina la nyuzi, ndugu wa kitani, na yote mawili yametoka kwenye kattan ya Kiarabu.

"Ulimi wa mama mkwe" tumeuazima kwa Waingereza, nao ni utovu wa adabu. Kiswahili kina mavyaa, mama aliyemzaa mume, na huyo hutajwa kwa staha. Ulimi wake hauwekwi sebuleni wageni wakauchekea.

Mimi nasema mkonge wa nyumbani. Nyumbani ni ndani ya kuta, na nyumbani pia ni kwenu ulikozaliwa. Jamii ya mmea huu ina haki ya maana zote mbili.

Kundi lake la mimea inayoweka akiba ya maji majanini nalo halina jina, tunalizungushia sentensi nzima. Wapo wanaopenda "mimea minono", lakini nono ni sifa ya mnyama aliyeshiba mafuta, na jani hili ukilikata linatoa maji. Napendekeza mmea mtungi, wingi mimea mitungi. Najua siku hizi mtungi umetekwa na gesi, ila wa maji ulitangulia. Tena jina hili linafundisha utunzaji: mtungi uliojaa hauongezwi maji. Ngoja udongo ukauke kabisa ndipo umwagilie, la sivyo mizizi itaoza.

Limebaki suala la uzazi. Wengi huita kila kipande cha kuotesha "pingili", lakini pingili ni ya muwa na muhogo, yenye kifundo cha kuchipulia. Jani halina kifundo. Kipande cha jani kilichochomekwa mchangani ni kipandikizi, ingawa zahanati nazo zinalitumia neno hilo kwa uzazi wa mpango. Kinachojitokeza chenyewe ubavuni mwa mama ni chipukizi. Tofauti hii ina gharama. Mkonge wenye ukingo wa njano ukioteshwa kwa kipandikizi, watoto hutoka kijani kitupu. Chipukizi ndilo hurithi njano. Kwa hiyo, ndugu muuza maua, andika kwenye kila chungu kama ni chipukizi au kipandikizi, mnunuzi ajue analipia nini.