Shibiri Moja: Historia Fupi ya Chuo Kikuu Ardhi

Chuo chetu kilizaliwa mwaka 1956 pale Mgulani, Dar es Salaam, kikiwa shule ndogo ya mafundi wa upimaji ardhi. Mwaka 1958 kikahamia kilimani, kilipo hadi leo. Vijana walishike hili: majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliopanda Mlimani mwaka 1964, walitukuta.

Wapimaji wa enzi hizo walitembea na mnyororo, vigingi na daftari. Mwalimu wetu mmoja alituamuru tupime upya kiwanja kizima kwa kosa la shibiri moja, jua likiwaka, kisha akatununulia madafu. Shibiri hiyo, alisema, wajukuu wa mwenye kiwanja wataifikisha mahakamani.

Mwaka 1972 ilianza stashahada ya mipango miji na vijiji, na mwaka 1974 Bunge likaunda Chuo cha Ardhi kwa sheria. Miaka hiyohiyo ya sabini serikali ilizivunja halmashauri za miji, zikarudi 1978. Tulijifunza kupanga miji isiyo na mwenyewe! Chuoni ndipo mpimaji, mpangaji na mthamini walipoketi meza moja kuulizana mfereji wa Manzese, mtaa wa Dar es Salaam uliojengwa bila mipango, utalipiwa na nani. Nyumba isiyopimwa haithaminiwi. Isiyothaminiwa haitozwi kodi ya haki. Na halmashauri isiyo na kodi haizibui mfereji. Utafiti wetu wote umeota kwenye swali hilo.

Mwaka 1979, kwa msaada wa Uholanzi, kilianzishwa kituo cha mafunzo ya nyumba. Profesa Lusugga Kironde aliichimbua historia ya matumizi ya ardhi ya Dar es Salaam tangu 1890. Profesa Wilbard Kombe akaandika jinsi wananchi wenyewe wanavyogawana ardhi kwenye makazi yasiyopangwa. Tunawashukuru sana.

Ukata ulitupitia kama ulivyovipitia vyuo vingine, tulivuka. 1996: chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. 2007: Chuo Kikuu Ardhi. 2016: kodi ya majengo yahamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa. 2021: yaanza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na swali la Manzese likarudi darasani.

Wahitimu wenzangu, msiyaache madaftari yenu ya upimaji yaliwe na mchwa. Yaleteni maktabani, chuo kiyatunze.