Kiazi Kilichosubiri Mafuta

Wakulima wa milima ya Andes, kandokando ya ziwa Titicaca lililo kati ya Peru na Bolivia za leo, walianza kulima viazi mviringo zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Walivichemsha, walivichoma, walivipika mchuzi. Usiku wa baridi kali waliviacha nje vigande, na kulipokucha wakavikanyaga kwa miguu kukamua maji, kisha wakavianika. Walichopata waliita chuño, kiazi kikavu na chepesi kinachokaa ghalani miaka mingi bila kuoza. Hakuna taifa lililokuja kukijua kiazi kama wao. Hata hivyo chipsi hazikutoka kwao. Llama na alpaka, mifugo yao, hawana mafuta ya kujaza sufuria, na nguruwe na ng'ombe hawakuwapo huko mpaka Wahispania walipowaleta.

Naanza na Andes kwa makusudi. Watu wanapobishana juu ya asili ya chipsi huuliza nani wa kwanza kukata kiazi vipande virefu. Kukata kiazi hakuhitaji zaidi ya kisu. Kinachofaa kuulizwa ni nani wa kwanza kuwa na mafuta mengi kiasi cha kuzamisha kiazi kizima ndani yake, akayalipia, na kesho yake akarudia.

Wahispania waliingia Peru mwaka 1532. Kufikia mwaka 1567 mapipa ya viazi yalikuwa yanapakiwa melini katika Visiwa vya Kanari kwenda Antwerp, kwa hiyo kiazi kilifika upande wa kaskazini wa Ulaya mapema. Kupendwa ndiko kulikochelewa. Watu walikiogopa kwa kuwa ni mmea unaozaa chini ya ardhi na wenye jamaa za sumu. Nchini Ufaransa, Parlement ya Paris, iliyokuwa mahakama kuu ya kifalme, inasemekana ilipiga marufuku kilimo chake mwaka 1748. Aliyegeuza mawazo ya Wafaransa ni Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia wa jeshi aliyetekwa na Waprusia katika Vita vya Miaka Saba. Kifungoni alilishwa viazi, akatoka na afya yake, akarudi kwao kukitetea kiazi kwa maandishi na kwa karamu. Mwaka 1772 Kitivo cha Tiba cha Paris kilitamka kwamba kiazi ni chakula cha binadamu. Basi kiazi kikawa halali mezani, ila kwa maskini kilikuwa cha kuchemsha.

Wabelgiji wana simulizi yao, nayo ni tamu. Mwandishi Jo Gérard alieleza katika karne ya 20 kwamba alikuwa na mswada wa mwaka 1781 uliorithiwa katika familia yake. Kwa maelezo yake, watu wa Namur, Andenne na Dinant, miji iliyo kando ya mto Meuse, walikuwa na desturi ya kuvua visamaki na kuvikaanga. Majira ya baridi mto ulipoganda na uvuvi ukasimama, walikata viazi kwa umbo la visamaki wakavikaanga badala yake. Mswada ulisema desturi hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka mia, yaani ilianza kabla ya mwaka 1680. Simulizi hii imerudiwa vitabuni na katika vibao vya watalii mpaka watu wengi wameichukua kuwa historia iliyokwisha kuthibitishwa.

Aliyeikagua kwa makini ni Mbelgiji mwenyewe, Pierre Leclercq, mwanahistoria wa mapishi kutoka Liège. Alionyesha kwanza kwamba kiazi hakikuwa kimefika katika eneo hilo hadi karibu mwaka 1735, kwa hiyo mwaka 1680 hapakuwa na cha kukata. Hoja yake ya pili ni mafuta. Mkulima wa karne ya 18 aliuza siagi yake apate pesa ya kodi. Kipande cha mafuta ya nguruwe kiliwekwa kwa hesabu, kidogo kwenye supu, kidogo juu ya mkate, kwa sababu ndicho kilichoutia mwili nguvu wakati wa baridi. Kujaza sufuria mafuta ili kuzamisha viazi ambavyo vingeweza kuchemshwa kungekuwa sawa na kuoshea vyombo kwa maziwa.

Kwangu hoja hiyo ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Tarehe inaweza kusogezwa na hati mpya itakayopatikana kesho. Umaskini wa mafuta haupingiki, kwa maana ulikuwa wa nchi nzima.

Basi yalikopatikana mafuta ni wapi? Mjini, kwa mkaangaji wa barabarani. Mwishoni mwa karne ya 18 jijini Paris, kwenye daraja la Pont Neuf na mitaa ya jirani, walikuwapo wachuuzi waliokuwa na karai moja juu ya moto kutwa nzima, wakikaanga maandazi, samaki na vipande vya nyama. Mafuta yao yalikuwa tayari yamechemka kwa kazi nyingine. Kutumbukiza kiazi humo hakukuongeza gharama ila ya kiazi chenyewe, na kiazi kilikuwa rahisi. Mafuta ambayo familia moja isingethubutu kuyanunua yalilipiwa na wateja mia kwa siku, kila mmoja kwa senti zake. Ninaamini hapo ndipo chipsi zilipozaliwa, na mzazi wake ni mchuuzi ambaye jina lake halikuandikwa na mtu.

Mwaka 1795, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa na uhaba wa mkate, jijini Paris kilitoka kitabu kidogo cha mapishi ya viazi, La Cuisinière républicaine, na ndani yake mlikuwa na kiazi cha kukaanga. Chipsi za awali zilikuwa vipande vya mviringo. Umbo refu tulilozoea lilishika baadaye, ndani ya karne ya 19. Kutoka Paris ujuzi ulikwenda Ubelgiji. Katika miaka ya 1840 mzaliwa wa Bavaria aliyeitwa Krieger, aliyejifunza kazi katika jiko moja la Paris, alianza kuuza viazi vya kukaanga kwenye magulio ya Liège, na watu wakamwita Monsieur Fritz. Wabelgiji hawakubuni chipsi, lakini walizitunza kuliko wote. Walichagua mafuta ya ng'ombe, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakakipokea kiazi aina ya Bintje kilichozalishwa na mwalimu mmoja wa Uholanzi. Tena walishikilia kukaanga mara mbili.

Kuhusu kukaanga mara mbili husimuliwa kisa cha mpishi Collinet. Mwezi Agosti 1837 reli ya kutoka Paris kuelekea Saint-Germain ilizinduliwa, Malkia Marie-Amélie akiwamo garini. Inasemekana treni ilichelewa, Collinet akatoa viazi mafutani kabla havijaiva vizuri, na wageni walipowasili akavirudisha kwenye mafuta makali zaidi. Vikavimba kama mapovu. Reli na malkia ni historia, kisa cha viazi ni cha kusimuliwa tu. Hata hivyo kinaeleza jambo la kweli. Karibu robo tatu hadi nne kwa tano ya kiazi ni maji. Mapovu yanayoruka karaini ni maji hayo yakitoka kwa umbo la mvuke, na yakitoka kwa nguvu huyazuia mafuta kuingia. Ukitumia moto mkali tangu mwanzo, nje huungua kabla moyo haujalainika. Moto wa wastani, nyuzi 150 hivi, hupika moyo. Viazi vikitolewa na kupumzishwa, maji ya ndani husogea nje, na moto wa nyuzi 180 huyamaliza na kuacha ganda gumu.

Krispi nazo zina kisa chao. Wamarekani wengi huambiwa zilibuniwa mwaka 1853 huko Saratoga Springs na mpishi George Crum aliyekasirishwa na mteja. Lakini Mwingereza William Kitchiner alikuwa amekwisha kuchapisha namna ya kukaanga viazi vya kupara mwaka 1817.

Uingereza inathibitisha habari ya mafuta vizuri zaidi. Katika miaka ya 1860 Joseph Malin jijini London na John Lees katika mji wa Mossley, Lancashire, kila mmoja anatajwa kuwa wa kwanza kuuza samaki na chipsi pamoja. Sitaki kuwaamulia. Lililo wazi ni kwamba biashara ilishamiri kwenye miji ya viwanda vya pamba, ambako wanawake walifanya kazi kutwa na hawakuwa na muda wa kupika, na ambako mafuta ya ng'ombe na ya mbegu za pamba yalipatikana kwa bei nafuu. Kufikia mwaka 1910 maduka yake yalikuwa yapata 25,000. Katika Vita Kuu ya Pili serikali iligawa kwa kipimo nyama, siagi na sukari, ila samaki na chipsi haikuvigusa.

Nyumbani chipsi ziliingia mwisho, mafuta yaliposhuka bei kiasi cha kila nyumba kuwa na sufuria yake. Ziliingia na hatari pia: sufuria za chipsi zilikuwa chanzo kikubwa cha moto majumbani Uingereza, na mwaka 1979 kampuni ya McCain ilipouza huko chipsi zilizogandishwa za kupasha kwenye oveni, wengi walizipokea kwa nafuu.

Afrika Mashariki kiazi kililetwa na wamisionari na walowezi wa Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kikapata makao kwenye nyanda zenye baridi: Nyandarua, Meru, Njombe, Mbeya, Kigezi, Musanze, Kivu. Kwenye joto la pwani hakizai vizuri, kwa hiyo kila chipsi ya Dar es Salaam au Mombasa ilipanda lori kwanza. Wabelgiji walipotawala Kongo, Rwanda na Burundi walikuja na mapishi ya kwao, na mpaka leo Bujumbura, Kigali na Lubumbashi mishikaki huandamana na viazi vya kukaanga. Kwetu banda la chipsi lilirudia yaliyotokea Pont Neuf: karai moja, mkaa, kabati la vioo, na mafuta yanayolipiwa na wateja wote wa jioni ile. Hapo ndipo Watanzania walipozalisha chao, chipsi mayai, ambazo vijana huziita zege. Kwangu huo ni ubunifu unaostahili kuandikwa katika historia ya chipsi pamoja na wa Paris na wa Liège.

Mwaka 2022 kila kitu kilionekana wazi. Mwezi Januari migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa, huku wakulima wa Nyandarua wakiwa na viazi aina ya shangi magunia kwa magunia. Wakenya walikasirika, na nawaunga mkono. Miezi michache baadaye likaja zito zaidi. Vita vya Ukraine vilikata mafuta ya alizeti, na mwishoni mwa Aprili Indonesia ikafunga mauzo ya mawese nje kwa wiki kadhaa. Bei ya mafuta ya kula ikapaa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Viazi vilikuwapo sokoni. Karai ndilo lililolemewa.

Kwa anayekaanga nyumbani, historia hii ina faida ya mara moja. Usiweke viazi kwenye friji, maana baridi hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi hutoka nyeusi zenye uchungu. Kata unene ulio sawa, loweka kwenye maji baridi kuondoa wanga wa nje, kisha futa kwa kitambaa mpaka vikauke kabisa. Kaanga mafungu madogo, mara mbili, mafuta yasizidi nusu ya sufuria. Toa zikiwa na rangi ya dhahabu. Mwezi Aprili 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa kwa joto kali hutengeneza akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, na kadiri chipsi inavyozidi kuwa kahawia ndivyo inavyoongezeka. Mafuta yakipoa yachuje, yaweke gizani, yatumie tena mara mbili tatu. Yakianza kutoa povu na kunuka, yaache. Na yakishika moto, usiyamwagie maji kamwe: zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, uiache hapohapo mpaka ipoe.