Kusini kwetu, si kila homa ni malaria

Nimerudi juzi kutoka Kilwa kumwangalia mjomba. Alipasuliwa ngiri, siku ya nne homa ikapanda. Akapewa dawa za malaria, haikushuka. Akapewa tena. Siku ya nane nesi wa zamu ya usiku akafungua bandeji, akabonyeza pembeni ya mshono: usaha. Sasa mzee anaendelea vizuri, lakini ndani ya basi nilikuwa nawaza: hivi kwetu Kusini homa lazima iitwe malaria?

Historia inakataa. Mwishoni mwa 1952 homa ngeni ililipuka Newala, kwenye uwanda wa Makonde, Jimbo la Kusini la wakati huo. Watu walishikwa ghafla, viungo vikawauma hadi wakashindwa kusimama wima. Ilifanana sana na dengi. Wamakonde wenyewe waliiita kwa namna inavyomkunja mtu: chikungunya. Mwaka 1953 damu ya mgonjwa ikatoa kirusi kipya kabisa kwa sayansi, na mwaka 1955 Marion Robinson na W.H.R. Lumsden wakachapisha taarifa zao. Msambazaji ni mbu aina ya Aedes, anayependa kuzaliana kwenye maji yanayohifadhiwa majumbani. Leo neno hilo la Kimakonde linaandikwa hospitalini kuanzia India hadi Brazil!

Miaka 70 baadaye, Julai 2022, ikaja zamu ya Ruangwa, mkoani Lindi. Homa, kichwa, uchovu, damu puani. Watu 20 waliugua, 3 wakafariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 vikarudi hasi. Tarehe 18 Julai Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wakati huo, akatangaza jibu: leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, wakachafua maji na udongo. Antibayotiki huitibu.

Malaria bado ipo, tusiidharau. Ila kipimo kikisema haipo, swali si "tuongeze dozi?" Swali ni: umelima wapi, umekunywa maji gani, kidonda kikoje? Newala na Ruangwa jibu lilipatikana kwa sababu kuna watu hawakuridhika na jibu la kwanza. Na mjomba wangu yupo hai kwa sababu hiyo hiyo.