Asali ya Mgonjwa: Kutoka Misitu ya Miombo hadi Vitabu vya Pwani

Kwa wauza asali wa Tanzania kuna asali za namna mbili, na bei zake hazikaribiani. Ipo ya nyuki wakubwa, wale wanaouma, inayouzwa kwa ndoo na kwa chupa za lita. Ipo pia ya nyuki wadogo wasiouma, nyepesi na yenye uchachu, inayotiwa katika vichupa na kuuzwa ghali zaidi. Anayeiulizia hii ya pili mara nyingi hana haja ya kupaka mkate. Nyumbani kwake kuna mtu anakohoa, au mwenye vidonda vya mdomoni, au anayelalamika tumbo. Nyuki hao wadogo hujenga katika mashimo ya miti, katika nyufa za kuta na hata ardhini, na asali yao huiweka katika vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti. Kundi moja hutoa kidogo sana. Mnunuzi anakubali kulipa bei hiyo kwa sababu amelelewa akiambiwa kwamba hii ndiyo ya dawa.

Maneno hayo ya wazee yana historia ndefu, na kwa maoni yangu ni historia inayostahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko tulivyozoea. Wapo wanaoipuuza wakisema ni mambo ya kizamani. Wapo pia wanaoikuza mpaka asali inatibu kila kitu, kuanzia mafua hadi saratani. Ukiifuata historia yenyewe utaona kwamba asali ilipata sifa kwa magonjwa machache, na kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo imesimama hata ilipopelekwa maabara.

Tuanzie bara. Magharibi mwa Tanzania, kutoka Unyamwezi hadi Ukimbu na Katavi, imetanda misitu ya miombo: miti ya jamii ya myombo na mtundu, na mininga katikati yake. Maua ya misitu hii ndiyo chakula cha nyuki. Richard Burton alipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, alikuta ufugaji wa nyuki umekwisha komaa, na katika maandishi yake akaeleza mizinga ya magogo yaliyotobolewa na kutundikwa mitini. Mizinga ya namna hiyo, pamoja na ile ya magome, ingali ikitundikwa hadi leo. Urinaji ulikuwa kazi ya wanaume waliokaa porini wiki kadhaa, wakipanda miti usiku na kufukiza moshi. Mavuno yaligawanyika katika matumizi mengi: chakula, pombe ya wanzuki, mahari, matambiko. Dawa ilikuwa mojawapo tu.

Na katika dawa, asali ilifanya kazi mbili ambazo inafaa kuzitenganisha. Ya kwanza ni asali yenyewe kuwa tiba: hulambwa kwa kikohozi, hupakwa kwenye jeraha na kwenye mahali palipoungua. Ya pili ni kuibeba dawa nyingine. Mizizi na magome mengi ya waganga wetu ni machungu kiasi kwamba mtoto hawezi kuyameza. Unga wake ukikorogwa na asali hulambika. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona kwa dawa ya mizizi mara nyingi aliikumbuka asali, maana ndiyo aliyoionja. Anayekusanya habari za tiba hizi kwa wazee anapaswa kuuliza kila mara: asali ndiyo iliyokuwa dawa, au ilikuwa chombo cha kuibebea?

Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, hawakuwahi kuiweka asali pembeni mwa maisha. Kwao ni chakula, kinywaji, mali ya kuolea na dawa ya kifua, na miti ya msitu hugawanywa kwa koo kwa kuzingatia mizinga iliyotundikwa humo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilipotoa hukumu tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza msituni, jambo lililokuwa mezani lilikuwa ardhi na utamaduni. Lakini mtu aliyetolewa msituni ametolewa pia kwenye duka lake la dawa.

Biashara ya kikoloni nayo iliathiri jambo hili kwa njia ambayo haisemwi sana. Wafanyabiashara wa enzi ya Wajerumani, na baadaye Waingereza, walichotaka zaidi ni nta. Nta haiharibiki na hubebeka kwa urahisi, na Ulaya ilihitajika viwandani. Mafrasila ya nta yalishuka pwani na kupakiwa melini, ilhali asali, nzito na yenye kuvuja, ilibaki vijijini. Ndiyo sababu kubwa ya ujuzi wa kuitumia kwa wagonjwa kubaki mikononi mwa watu wenyewe kwa kipindi chote cha ukoloni.

Pwani, asali iliingia chumbani mwa mgonjwa kwa mlango mwingine, mlango wa kitabu. Sura ya 16 ya Kurani inaitwa kwa jina la nyuki, An-Nahl, na aya zake za 68 na 69 zinaeleza jinsi nyuki walivyoelekezwa kujenga majabalini na mitini, na jinsi kinywaji chao kilivyo na ponyo kwa watu. Katika Hadithi zilizokusanywa na Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyemwendea Mtume kumweleza kwamba nduguye anaumwa tumbo. Akaambiwa ampe asali. Akarudi kusema haikusaidia, akaambiwa ampe tena, na tena, hadi ndugu yule akapona. Ibn Qayyim al-Jawziyya, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1350, alilijadili tukio hilo katika maandiko yake juu ya tiba ya Mtume. Maelezo yake ni ya kitabibu hasa: kipimo cha dawa sharti kilingane na ukubwa wa ugonjwa, na asali huondoa uchafu uliogandamana tumboni.

Pamoja na Hadithi ilikuja elimu ya tabia nne iliyotoka kwa Wagiriki na kunyooshwa na matabibu kama Ibn Sina, aliyeishi kati ya 980 na 1037. Kwa elimu hiyo mwili una hari na baridi, ukavu na unyevu, na ugonjwa ni kuvurugika kwa mizani. Asali ni ya moto na ni kavu. Belghamu ni ya baridi na ni ya majimaji. Basi kwa mzee wa Mombasa, Lamu au Unguja, kumpa asali mtu aliyejaa belghamu kulikuwa jambo lenye hoja, wala hakulifanya kwa kubahatisha. Humo ndimo ulimotoka mchanganyiko wa asali na habasoda, asali na tangawizi, asali na ndimu. Wahadhrami waliohamia pwani yetu walikuja na sifa za asali ya kwao, hasa ile ya bonde la Do'an inayotokana na mti wa sidri, ambao ni jamaa ya mkunazi wetu. Hadi leo, wapo watu wa pwani ambao wakipata mgeni kutoka Yemen au Omani humwagiza asali hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Ile Hadithi ya mgonjwa wa tumbo ina mwangwi ambao nadhani wasomaji wengi hawaujui. Mwaka 1985, madaktari Haffejee na Moosa wa Durban, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza utafiti wa watoto 169 waliolazwa kwa kuharisha. Wote walipewa maji ya chumvi ya kurudisha maji mwilini. Kundi moja likatiliwa asali badala ya glukosi. Kwa wale ambao kuharisha kwao kulisababishwa na bakteria, waliopewa asali walipona mapema zaidi. Kwa wengine, asali haikurefusha ugonjwa. Natija hii yapaswa kusomwa kwa makini. Kilichowaokoa watoto wale kwanza ni maji na chumvi, na asali ilishika nafasi ya sukari. Mzazi anayempa mtoto anayeharisha asali tupu bila maji hafuati utafiti huo, wala hafuati busara.

Upande wa vidonda ushahidi ni wa kale zaidi na ni imara zaidi. Mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, yaliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, yanaelekeza jeraha lifungwe nyama mbichi siku ya kwanza, kisha kila siku lipakwe mafuta na asali kwa pamba za kitani hadi lipone. Waandishi wake hawakujua bakteria, lakini walijua kutazama kidonda. Sayansi imeeleza sababu. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, nayo hunyonya maji kutoka kwa vijidudu mpaka vikafa. Asali ina asidi isiyopendwa na bakteria wengi. Tena nyuki huitia kimeng'enya ambacho, asali inapokutana na unyevu wa kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, dawa ileile inayosafishia majeraha. Jambo hili la mwisho lilithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kimeng'enya hicho huharibiwa na joto. Asali iliyochemshwa itafaa kooni, lakini kwa kidonda imepoteza sehemu ya nguvu zake.

Penisilini ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hospitali nyingi ziliiacha asali. Ilirudishwa na usugu wa bakteria kwa dawa. Huko New Zealand, Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato alitumia miaka mingi kuichunguza asali ya mti wa manuka, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu bandeji zenye asali. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2015 yalionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Kwa vidonda sugu vya miguu faida haikuonekana wazi. Asali inayotumika hospitalini husafishwa kwa mionzi ili isiwe na vijidudu. Ile ya chupa ya sokoni haijapitia hapo, na jeraha kubwa la moto ni la hospitali.

Kikohozi ndicho kilichoipa asali heshima mpya. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, likijadili dawa za kikohozi kwa watoto, liliitaja asali miongoni mwa vitu vya bei nafuu vinavyotuliza koo. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania waliwapa watoto 105 wenye mafua, kabla ya kulala, ama asali, ama dawa ya kikohozi ya dukani, ama wasiwape chochote. Wazazi wa waliolambishwa asali ndio walioripoti nafuu kubwa zaidi, ingawa tofauti yake na ile dawa ya dukani haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Mwaka 2012 Israeli walifanya jaribio kwa watoto 300 wa miaka 1 hadi 5, wakilinganisha asali za maua mbalimbali na asali ya tende, ambayo kwa rangi na utamu inafanana nazo. Watoto wote walipata nafuu, lakini waliopewa asali ya nyuki walizidi. Mwaka 2018 Uingereza iliandika rasmi katika miongozo yake kwamba kikohozi cha kawaida kianzwe kutibiwa kwa asali kabla ya kukimbilia antibiotiki. Bibi zetu hawakuhitaji mwongozo huo, na bado nafurahi kwamba umeandikwa.

Lakini kuna mahali ambapo mila yetu inapaswa kukubali kusahihishwa. Katika nyumba nyingi, za Waislamu na za wasio Waislamu, mtoto mchanga hulambishwa asali siku za mwanzo za maisha, kama baraka au kumtuliza kilio. Mwaka 1976 madaktari wa California waligundua ugonjwa wa botulizimu kwa watoto wachanga, na muda mfupi baadaye asali ikatambuliwa kuwa moja ya njia zake. Mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum huweza kuwamo katika asali safi kabisa. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka bado halijapata walinzi wake, hivyo mbegu huota na kutoa sumu: mtoto hukosa choo, hulia kwa sauti dhaifu, hushindwa kunyonya, hulegea. Kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Utafiti wa Durban uliwahusisha hata watoto wa siku chache. Leo hakuna daktari mwangalifu atakayewapa asali. Anayetaka kutimiza suna ya kumtia mtoto utamu mdomoni azungumze na sheikh wake na mkunga wake. Tende ndiyo iliyotajwa katika Hadithi, nayo huguswa kidogo tu.

Wenye kisukari nao waihesabu asali kuwa sukari, maana mwili wao utaihesabu hivyo.

Limebaki suala la asali yenyewe. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa kuzalisha asali, nyuma ya Ethiopia, na ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Hata hivyo miombo inakatwa kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku, huko huko Tabora kwenye sifa ya asali. Sokoni, asali huchanganywa na sukari iliyochemshwa, na majaribio ya kudondosha tone majini au kuwasha kijiti cha kiberiti kilichochovywa hayathibitishi chochote. Kinga iliyo karibu na mnunuzi ni kumjua mrina asali, au chama chake cha ushirika, na kujua msitu ilikotoka.

Basi weka chupa ya asali nyumbani. Mpe anayekohoa kijiko kimoja kabla ya kulala, akiwa ametimiza mwaka. Kikohozi kikifika wiki mbili, au mtoto akianza kupumua kwa kasi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.